Barabara ikifungwa kwa moto, mgonjwa awe ameshatoka

Akina bibi wengi wa kwetu husafiri kwenda Marekani kwa kazi moja tu, kulea mjukuu. Binti amejifungua, likizo ya uzazi ni fupi, gharama ya yaya haishikiki, basi mama anaombwa aje miezi mitatu, mara nyingine sita. Anafungasha dagaa, unga wa ulezi, kanga na mfuko wa dawa za presha na kisukari. Akifika California anakutana na majira ambayo kwetu hayana hata jina: msimu wa moto.

Kama huyo ni mama yako, au bibi mwenyewe ni wewe, soma ukurasa huu wa leo ukiwa na kalamu mkononi. Nawaandikia pia wenye ndugu miongoni mwa Wakongo, Warundi na wengine wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia San Diego, Boise, Spokane au Missoula, miji ya magharibi mwa Marekani ambayo moshi wa misitu inayoungua huifikia mara kwa mara.

Watu wakisikia habari ya moto wa msituni huwaza miali. Mimi, kwa sababu ya kazi yangu, nawaza barabara. Mtu mwenye afya akikuta barabara imefungwa hupata usumbufu. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, mtoto mwenye pumu, bibi anayechoma sindano ya insulini asubuhi na jioni, hao wakikuta barabara imefungwa wametenganishwa na kinachowaweka hai.

Asubuhi ya Novemba 8, 2018, saa 12 na nusu hivi, moto ulianza karibu na kijiji cha Pulga, kaskazini mwa California, katika korongo la Mto Feather inakopita Barabara Kuu namba 70. Chanzo chake kilikuwa njia ya umeme mkubwa. Upepo ulikuwa mkali, majani yamekauka, na ilipofika saa mbili hivi cheche zilikuwa zinaangukia mji wa Paradise wenye watu kama 26,000. Mji huo uko mgongoni mwa kilima, makorongo huku na huku. Njia za kushuka zilikuwa chache: Skyway ambayo ndiyo kubwa, Clark Road ambayo ni barabara ya jimbo namba 191, kisha Pentz na Neal. Zote zilijaa kwa wakati mmoja, na nyingine moto ulizikata kabisa.

Hospitali ya mji, Adventist Health Feather River, ilihamisha wagonjwa wake asubuhi ile kwa magari ya wagonjwa na kwa magari binafsi ya wafanyakazi. Gari moja la wagonjwa lilishika moto kwenye Barabara ya Pentz. Ndani yake alikuwamo mama aliyejifungua kwa upasuaji siku hiyo hiyo. Wahudumu waliwaingiza wagonjwa kwenye gereji ya nyumba ya karibu, wakaondoa majani makavu yaliyokuwa yameizunguka na kumwagia maji mpaka hatari ikapita. Upande mwingine wa mji, dereva wa basi la shule alikaa barabarani saa tano akiwa na watoto 22. Moshi ulipozidi alivua shati lake, likachanwa vipande na kuloweshwa kwa maji kidogo waliyokuwa nayo, kila mtoto akapewa kipande cha kupumulia.

Hao walipona. Waliokufa katika moto ule ni 85, na wengi wao walikuwa wazee waliovuka miaka 65. Wengi walikutwa majumbani mwao au karibu nazo, wengine ndani ya magari. Miongoni mwao walikuwamo wasioweza kutembea vizuri na wasioendesha gari. Ukiitazama orodha ile kwa jicho la daktari, unaona watu ambao pengine wangeweza kupona kama wangeondoka saa moja mapema.

Onyo na Amri

California ina maneno mawili ambayo nataka uyajue kama unavyojua jina la dawa yako. Yatakuja kwenye simu kwa Kiingereza. La kwanza ni "Evacuation Warning", yaani Onyo la Kuhama. Maana yake hatari inaweza kufika, jiandae. La pili ni "Evacuation Order", yaani Amri ya Kuhama. Hapo hatari imefika, ondoka sasa hivi, na eneo linafungwa kisheria kwa umma.

Watu wengi husoma Onyo wakaendelea kupika. Lakini maelezo rasmi ya Onyo yana sentensi ya pili ambayo husahaulika: wanaohitaji muda zaidi wa kuondoka, pamoja na wenye mifugo, waondoke wakati huo huo. Mgonjwa ni mtu anayehitaji muda zaidi. Mjamzito wa miezi ya mwisho vilevile, na mama mwenye kichanga, na bibi mwenye magoti mabovu. Kwa hao wote, Onyo ndilo Amri yao. Katika majimbo ya Oregon na Washington hutumia namba: ngazi ya 1 ni kujiandaa, ya 2 ni kuwa tayari, ya 3 ni kuondoka mara moja. Mgonjwa aondoke kwenye 2.

Wala usisubiri simu ilie ndipo uamini macho yako. Januari 7, 2025, moto wa Eaton ulianza jioni juu ya mji wa Altadena, karibu na Los Angeles. Upande wa magharibi wa mji huo Amri ilitoka kama saa tisa usiku, saa nyingi baadaye, na karibu wote waliokufa katika moto huo walikuwa upande huo. Ukiona anga limekuwa jekundu, upepo unavuma kuja kwenu na majivu yanadondoka uani, huhitaji ruhusa ya mtu kumtoa mgonjwa.

Kwa nini barabara hufungwa? Barabara kuu za jimbo la California zinasimamiwa na idara ya uchukuzi iitwayo Caltrans, na doria yake ni ya polisi wa barabara kuu, CHP. Huzifunga moshi unapokuwa mzito kiasi cha dereva kutoona gari la mbele, nguzo za umeme na miti inapoanguka, au magari ya zimamoto yanapohitaji nafasi. Wakati mwingine njia zote mbili hugeuzwa ziwe za kutokea, hakuna anayeruhusiwa kuingia.

Hili la mwisho ndilo linalotuumiza sisi, kwa namna familia zetu zinavyoishi huko. Binti yuko kazini mjini, mume wake yuko zamu nyingine, nyumbani kuna bibi na mtoto wa miezi minne. Moto unawaka. Binti anaendesha kwa kasi kurudi, anafika kwenye kizuizi, askari anamwambia hapiti. Atalia, ataeleza, hatapita. Na bibi hana leseni, hajui njia, Kiingereza chake ni cha salamu.

Kwa hiyo jambo la kupanga kabla ya msimu si dawa bali jirani. Nani mwenye gari, anayeshinda nyumbani, atakayegonga mlango na kuwachukua hao wawili? Mzazi, mtafute, mpelekee chakula, mpe namba yako, hakikisha ana kiti cha gari cha mtoto au anajua kilipo. Sisi tuliozoea kumwita jirani kwa sauti dirishani tunapata aibu kumsumbua jirani wa kule. Ishinde aibu hiyo. Mfundishe na bibi kupiga 911 na kutamka neno "Swahili" tu: vituo hivyo huunganisha mkalimani kwa simu. Anwani ya nyumba iandikwe kwa herufi kubwa, ibandikwe kwenye friji.

Mfuko wa dawa

Mfuko uwe mmoja, ukae karibu na mlango, na uwe na dawa za wiki moja kwa uchache. Za wiki mbili ni bora zaidi. Mgeni anayekwenda Marekani kwa kawaida huruhusiwa kuingia na dawa zake za siku 90, hivyo bibi ana akiba ya kutosha kuwekwa pembeni. Kosa ninalolisikia mara nyingi ni dawa kutawanyika: za presha jikoni, za sukari chumbani, kipimo cha sukari kwenye pochi ya kanisani. Ukipewa dakika kumi za kuondoka, tano zitaishia kutafuta.

Weka karatasi yenye majina ya dawa, kiasi na saa za kumeza. Andika jina la dawa yenyewe, usiandike jina la kampuni lililo kwenye boksi. Hata hivyo, kuna mtego. Dawa zilezile tunazozijua huku zina majina mengine kule. Salbutamol ya pumu wao huiita albuterol. Glibenclamide ya kisukari ni glyburide. Hata paracetamol, ukiitaja, muuza dawa anaweza kukutazama kwa mshangao, maana wao husema acetaminophen. Andika majina yote mawili.

Dawa zikibaki nyuma ya kizuizi, usikae kimya ukisubiri barabara ifunguliwe. Sheria ya California inamruhusu mfamasia kutoa dawa kwa kiasi cha kufaa bila cheti kipya wakati wa dharura iliyotangazwa, akiridhika kwamba unaihitaji. Nenda na chupa tupu, au picha ya chupa kwenye simu. Nawasihi mpige picha hizo leo. Kumeza nusu dozi ili dawa zifike mbali ni hatari hasa kwa presha, kifafa na dawa za moyo.

Insulini inahitaji maelezo yake. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikitoka nje, aina nyingi hudumu hadi siku 28 mahali penye nyuzi zisizozidi 30. Tatizo la safari ya kukimbia moto ni gari: ukiliegesha juani saa mbili, ndani panakuwa kama tanuri. Insulini isiachwe humo hata mnaposhuka kununua maji. Tumia kibegi cha baridi, lakini barafu isigusane na chupa, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika, na kuiyeyusha hakuirudishi. Weka pia kitu kitamu cha kupandisha sukari. Foleni ya saa tano bila chakula, kwa mtu aliyekwisha kuchoma sindano, inaweza kumlaza kabla moshi haujamfikia.

Anayesafishwa damu ana hesabu ngumu zaidi. Kituo chake kinaweza kuwa ng'ambo ya pili ya barabara iliyofungwa, au kikafungwa chenyewe kwa kukosa umeme au maji. Dalili za moto zikianza, apige simu kituoni aombe kusafishwa mapema kabla ya siku yake, na aulize kituo mbadala ni kipi. Abebe karatasi ya maelekezo yake ya matibabu, ikiwa na uzito anaotakiwa kuwa nao baada ya kusafishwa. Wataalamu wa figo wana mlo wa dharura wa siku tatu, wenye chumvi kidogo, potasiamu kidogo na maji kidogo kuliko kawaida. Daktari wake ampe huo kwa maandishi kabla ya msimu. Ndizi, machungwa na supu, vitu ambavyo watu wema huwapa wakimbizi wa moto kambini, kwa mgonjwa huyu vinaweza kusimamisha moyo.

Mwenye mashine ya oksijeni akumbuke kwamba mara nyingi umeme hukatika kabla ya moto kufika. California makampuni ya umeme huukata kwa makusudi siku za upepo mkali ili nyaya zisianzishe moto mwingine. Ajiandikishe kwa kampuni yake kama mgonjwa anayetegemea kifaa cha umeme ili ataarifiwe mapema, na awe na mtungi wa akiba. Kwenye gari mtungi ufungwe usibiringike, na asivute mtu sigara.

Moshi na mtoto wako

Moshi wa msitu una chembe ndogo mno, zenye upana usiozidi maikroni 2.5. Unywele wa kichwa chako una upana mara 30 hivi zaidi ya hapo. Kwa udogo huo hazinaswi puani. Hushuka hadi mwisho wa mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana siku za moshi hospitali hupokea wagonjwa wa moyo na kiharusi pamoja na wa pumu. Na moshi hausimamishwi na kizuizi cha barabarani. Moto wa Paradise ulifanya shule za San Francisco zifungwe Novemba 16 mwaka ule, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenye miali.

Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake, na mapafu yake bado yanajengwa. Marekani hupima hewa kwa namba iitwayo AQI, inayoonekana bure kwenye ramani ya AirNow. Ikivuka 100, mwenye pumu, mtoto, mzee na mjamzito wabaki ndani. Ikivuka 150, hewa ni mbaya kwa kila mtu.

Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali haizuii chembe hizi vya kutosha. Inayofaa ni N95, ikibana uso vizuri. Lakini haijatengenezwa kwa uso wa mtoto mdogo, na ikiacha mwanya pembeni haimsaidii. Mtoto chini ya miaka miwili asivalishwe barakoa yoyote. Kitambaa kilicholowa, kama cha watoto wa lile basi, hupunguza majivu na ukali wa koo, ila chembe ndogo hupita. Kinga ya kweli ya mtoto ni kuwa mbali.

Ndani ya gari funga vioo na bonyeza kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari, ili hewa ya nje isiingie. Safari ikiwa ndefu, mkipata mahali pasipo na moshi fungueni vioo dakika chache, kwa kuwa hewa mnayoitoa huwajalia humo ndani. Inhela ya mtoto, ile pampu ya kuvuta, pamoja na kichupa chake cha plastiki, ikae mkononi mwa mzazi, isiwe kwenye buti.

Jifunze kumtazama. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, pua zikitanuka, akashindwa kumaliza sentensi au kichanga akashindwa kunyonya, mpe dawa kama daktari alivyoelekeza na piga 911 au mwonyeshe zimamoto wa kwanza unayemwona. Midomo ikigeuka bluu, hakuna muda wa kupima. Na mtoto anayelala isivyo kawaida, anayelalamika kichwa na kutapika mkiwa kwenye moshi mzito, huenda amevuta hewa ya sumu ya kaboni. Usimwache alale ukidhani ni uchovu wa safari.

Ikitokea moto umewafikia mkiwa kwenye foleni, ushauri wa zimamoto wa California ni huu: egesha mahali pasipo na majani wala miti, funga vioo na matundu yote ya hewa, piga 911, laleni sakafuni mwa gari mkijifunika blanketi la sufu, mbaki humo mpaka miali ipite. Moyo utakutuma utoke ukimbie na mtoto mgongoni. Nje kuna joto linalounguza njia ya hewa kwa pumzi chache. Blanketi liwe la sufu, kwa sababu la nailoni huyeyuka kwenye ngozi.

Moto ukizimwa, usidhani barabara itafunguliwa kesho yake. Septemba 2018 moto wa Delta uliifunga barabara kuu ya I-5 kaskazini mwa Redding kwa siku kadhaa. Mwaka 2021 moto wa Caldor uliifunga namba 50 inayokwenda Ziwa Tahoe kwa wiki kadhaa, na hospitali ya South Lake Tahoe ikahamisha wagonjwa wake. Barabara ya jimbo namba 1, ile ya pwani inayopita Malibu, ilifungwa kwa moto wa Palisades Januari 2025 na haikufunguliwa kwa umma mpaka Mei 23. Nguzo zilizoungua huanguka, na mvua ya kwanza kwenye mlima usio na majani huleta matope na mawe barabarani. Kama kliniki yako iko upande wa pili, omba faili na miadi vihamishiwe mapema upande uliopo. Hali ya barabara unaiuliza Caltrans kwa simu au kwenye ramani yao. Makazi ya muda na usafiri ni namba 211.

Mkirudi nyumbani, bibi asianze kufagia. Najua itamkera kukaa akitazama uchafu. Majivu ya nyumba zilizoungua yana risasi, asbesto na sumu za rangi na plastiki, na ufagio huyarusha hewani. Yaloweshwe kidogo kwanza, yafutwe kwa kitambaa kibichi na mtu mzima mwenye N95, glovu na mikono mirefu, na mtoto abaki kwa jirani mpaka kazi iishe. Chakula kilichokuwa kwenye friji siku umeme ulipokatika kitupwe, na insulini iliyokuwa humo ionyeshwe kwanza kwa mfamasia.